Wikiendi: neno lililotangulia mapumziko

Neno wikiendi, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiingereza, ni la zamani kuliko mapumziko yenyewe. Kaskazini mwa Uingereza lilisikika tangu karne ya 17, likimaanisha mwisho wa juma tu. Siku ya kupumzika ilikuwa moja, Jumapili, nayo ilikuwa ya ibada.

Mafundi wengi walijiongezea Jumatatu. Ujira walipewa Jumamosi, Jumapili wakastarehe, na kesho yake hawakuonekana kazini. Desturi hiyo wakaiita Jumatatu Takatifu. Wenye viwanda vya mvuke hawakuweza kuistahimili, kwa kuwa mashine zilitaka watu wote wafike kwa wakati mmoja. Wafanyakazi nao walikuwa wakidai nusu ya Jumamosi. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliamuru wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku hiyo, na bila wao wanaume hawakuweza kuendesha mitambo. Haki hii haikuja kwa hisani ya matajiri; ilipiganiwa kwa miaka mingi, na mchana huo mmoja ulibadili maisha ya mijini. Ligi ya kandanda ya Uingereza ilipoanza mwaka 1888, mechi zake zilipangwa Jumamosi alasiri kwa sababu hiyo hiyo.

Maana ya neno ikabadilika pia. Mwaka 1879 jarida la Notes and Queries lilieleza kwamba watu wa Staffordshire walilitumia kwa mtu anayetoka kazini Jumamosi mchana na kwenda kukaa kwa marafiki walio mbali.

Jumamosi nzima ilipata nguvu Marekani. Henry Ford aliweka juma la siku tano viwandani mwake mwaka 1926, akiamini kwamba mwenye nafasi ya kupumzika atanunua zaidi, magari yakiwemo. Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyofungua njia ya juma la saa 40 nchini humo.

Wafaransa walilichukua neno lilivyo, ilhali wasemaji wa Kifaransa wa Quebec walilitafsiri. Kiswahili kina vyote viwili: wikiendi, na mwisho wa juma au wa wiki. Lakini hesabu ya Kiswahili huanza baada ya Ijumaa, siku ya sala, hivyo Jumamosi ni siku ya mosi na Jumapili ya pili. Kinachoitwa mwisho wa juma, kwa majina yetu, ni mwanzo wake.

Siku zenyewe hazifanani kila mahali. Oman ilipumzika Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013, ilipohamia Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilichagua Jumamosi na Jumapili kuanzia 2022, pamoja na nusu ya Ijumaa kwa watumishi wa serikali. Kwa Kiingereza, siku hizo zote zinaitwa wikiendi, hata zinapoangukia katikati ya juma la Waingereza.