Sauti ya lokole na maana yake

Zamani, mbele ya redio na telefoni, watu wa mto wetu walitumiana habari kwa lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa ndani kwa kupitia tundu moja refu. Walokele wanaiita bongungu. Mdomo wake mmoja unatoa sauti ya juu, na mwingine sauti ya chini. Kifo, mkutano, mgeni anayefika: kijiji kimoja kilipokea habari, kikaipeleka kwa kingine.

Iliwezekana namna gani? Kilokele ni lugha ya toni. Tuchukue neno lisaka. Ukilitamka lote chini, ni dimbwi la maji. Ukiinua silabi ya mwisho, ni ahadi. Ukiinua mbili za mwisho, ni sumu! Basi, lokole inabeba toni tu, haibebi herufi. Songe (mwezi) na koko (kuku) zinalia sawasawa, juu na juu. Ndiyo maana mpigaji anaongeza maneno: mwezi ule unaotazama dunia, kuku yule mdogo anayelia kiokio.

John Carrington, mmisionari Mwingereza, alifika Yakusu mwaka wa 1938, akajifunza kupiga lokole kwa wazee wetu. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka wa 1949. Baadaye alifundisha Yalemba, na tayari wakati ule aliona ya kwamba vijana wanaiacha. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey naye alipita Kongo ya kaskazini na mashariki na mashine ya kurekodi. Mkusanyo wake unatunzwa leo Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka wa 1954. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, inatunza pia sauti nyingi za Kongo.

Sasa shida iko wapi? Mashine inaweza kusafisha kanda ya zamani, lakini haiwezi kutuambia kama ni mwezi ao kuku. Hata maandishi ya kawaida hayatusaidii sana, kwa maana lisaka tatu zote zinaandikwa namna moja. Anayeweza kutofautisha ni mzee aliyekua akisikia lokole. Kanda inaweza kungojea miaka mingine kumi; mzee, hatujui.

Kwa hiyo, sisi walimu wa hapa Barumbu tunaona kazi iko hivi. Kwanza, tuombe kopi za sauti zilizorekodiwa kwetu. Pili, tuketi na wazee, tusikilize kipande kwa kipande, tuandike: nani alipiga, kijiji gani, mwaka gani, habari gani, na alama ya toni juu ya kila silabi. Tatu, kaseti zilizo nyumbani zikopiwe mbele unyevu haujaziharibu, na kopi ziwekwe mahali mbalimbali. Moja ibaki kijijini, kwa wenyewe.