Jibini za Kiholanzi: Namna ya kuzitambua, kuzihifadhi na kuzila

JIBINI yenye jina la gouda au edam si kitu kigeni tena katika maduka makubwa ya Dar es Salaam. Hata hivyo, jina hilo pekee halimwelezi mnunuzi jibini imetoka wapi wala ina umri gani, na hayo ndiyo huamua ladha na bei yake.

Gouda ni mji uliopo katika jimbo la Holland Kusini, nchini Uholanzi. Wakulima wa vijiji jirani walipeleka jibini zao mjini humo kupimwa na kuuzwa, ndipo zikapewa jina la soko. Jengo la mizani lililojengwa mwaka 1668 lingali limesimama. Wenyeji hulitamka jina hilo kwa sauti ya "kh" mwanzoni, kama ilivyo katika neno "kheri".

Edam ni mji mdogo kaskazini mwa Amsterdam, ambao zamani ulikuwa bandari. Jibini yake ni ya mviringo kama mpira, na ile ya kusafirishwa nje hufunikwa kwa nta nyekundu.

Jina la gouda halina hakimiliki, hivyo mtu yeyote duniani anaweza kulitumia. Nchini Kenya, jibini ya aina hiyo hutengenezwa Eldoret na Limuru. Huko Masisi, mashariki mwa Kongo, mapadre wa Kibelgiji walianzisha utengenezaji wake katika miaka ya 1970, na hadi leo inajulikana kama jibini ya Goma. Mwaka 2010, Umoja wa Ulaya ulilinda majina "Gouda Holland" na "Edam Holland", ambayo hutumika tu kwa jibini iliyotengenezwa Uholanzi kwa maziwa ya huko.

Kilo moja ya gouda huhitaji takriban lita 10 za maziwa. Maziwa yakishaganda hukatwakatwa, kisha sehemu ya maji yake huondolewa na kuwekwa maji ya moto. Hatua hiyo hupunguza sukari ya maziwa na hivyo uchachu, ndiyo maana gouda huwa na ladha tamu kidogo. Baadaye hukandamizwa, hulowekwa katika maji ya chumvi na kuachwa ikomae juu ya mbao.

Umri huandikwa kwa Kiholanzi. "Jong" ni changa ya wiki nne hivi, laini na isiyo kali. "Belegen" ni ya takriban miezi minne. "Oud" imefikisha miezi 10 au zaidi. Ni ngumu, ya rangi iliyokoza na ya bei kubwa. Chembe nyeupe zinazosikika menoni katika jibini kuukuu si uchafu wala ukungu, bali ni matokeo ya kukomaa.

Zipo pia jibini zenye viungo. Ile ya Leiden hutiwa bizari nyembamba, na ile ya jimbo la Friesland hutiwa karafuu. Wakazi wa pwani wanaozijua karafuu za Unguja na Pemba katika pilau watakuta harufu hiyo hiyo ndani ya jibini.

Kwa mkazi wa Wazo, Tegeta au Mbagala, adui mkubwa wa jibini ni joto. Inafaa kununua kipande kidogo, kukifunga kwa karatasi ya nta na kukiweka sehemu ya chini ya jokofu. Kuigandisha kwenye friza huifanya ivunjikevunjike. Ukungu ukiota juu ya jibini ngumu, kata sentimita mbili na nusu kuzunguka sehemu hiyo. Iliyobaki inaweza kuliwa. Jibini laini yenye ukungu itupwe.

Kabla ya kula, itoe jokofuni nusu saa au zaidi, kwa kuwa ubaridi huficha ladha. Ondoa nta. Jibini changa hukatwa vipande vyembamba na kuliwa kwa mkate na chai, au huyeyushwa juu ya mkate wa moto. Jibini kuukuu haiyeyuki vizuri. Huliwa kwa vipande vidogo pamoja na haradali, tende au embe bivu.

Muumini wa Kiislamu hana budi kusoma lebo kuhusu reneti, yaani kimeng'enya cha kugandisha maziwa. Kwa desturi hutoka katika tumbo la ndama, lakini ipo pia inayotokana na vijidudu, na baadhi ya viwanda huweka alama ya halali.

Aidha, lebo yenye neno "boerenkaas" humaanisha jibini ya shambani iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi, ambayo wajawazito hushauriwa kuiepuka. Wenye shinikizo la damu nao wale kidogo, kwani jibini ina chumvi nyingi.

Kwa upande mwingine, jibini iliyokomaa karibu haina sukari ya maziwa, hivyo wengi ambao maziwa huwachafua tumbo huweza kuila bila tabu. Kwa anayeanza, robo kilo ya jibini changa inatosha kujua kama atapenda kuendelea na zilizo kali zaidi.