Mumiani, Matuta na Mipaka ya Elimu

Neno mumiani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni dawa nyeusi mfano wa lami. Baadaye watu wengi wa pwani na bara walisadiki kwamba dawa hiyo hufanywa kwa damu ya wanadamu, na mwenye kuitafuta damu hiyo akaitwa mumiani pia. Wakati wa ukoloni walioshukiwa aghalabu walikuwa watu wa zimamoto, wa hospitali, na wageni wenye vyombo visivyojulikana. Habari hizi zilienea hata katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, na mtaalamu Peter Pels aliziandikia makala mwaka 1992.

Msomaji aliyepata kutazama sinema za kutisha za zamani ataona kwamba hofu hii haikuwa ya Waluguru peke yao. Mwaka 1931 James Whale alitengeneza huko Marekani sinema ya Frankenstein, kutokana na kitabu cha Mary Shelley kilichopigwa chapa mwaka 1818. Humo mtaalamu afukua maiti, aunga viungo vyao, kisha akitia uhai kiumbe chake kwa nguvu ya umeme. Kiumbe huyo atoroka, mtoto wa kike azama majini kwa mkono wake, na wanakijiji wenye mienge wamfuata mpaka kwenye kinu cha upepo na kukitia moto. Fundisho ambalo watazamaji wengi hulitoa hapo ni kwamba mwanadamu asiingilie kazi ya Muumba.

Historia ya Uluguru yatupa fundisho jingine. Mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima ile. Sababu yake ilikuwa ya kweli: watu walilima kwenye miteremko mikali, mvua ikachukua udongo, na maji ya milima hiyo huingia mto Ruvu. Wataalamu wakaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi, na aliyekaidi akashitakiwa. Kazi ilikuwa nzito mno. Tena mahali pengi uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakapungua. Mkulima aliliona jambo hilo shambani mwake kabla halijaandikwa ofisini, lakini hakuulizwa.

Mwezi wa Julai 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kuyapinga matuta. Fujo ikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali iliacha kuwalazimisha watu kuchimba.

Katika sinema umati wa mienge twautazama kwa mbali, nasi twaelekea kuudhania kuwa ni ujinga uliokasirika. Umati wa Matombo haukuwa hivyo. Walikuwa wakulima wenye elimu yao ya udongo na mvua, waliyoirithi katika koo zao. Wala wale mabwana shamba hawakuwa waovu. Walijua hatari iliyokuwapo, ila walidhani kwamba kuijua hatari kwatosha kuwapa haki ya kuamuru.

Basi hata habari za mumiani yafaa tuzisikilize upya. Asemaye kwamba damu yanyonywa hospitalini amekosea, na uvumi kama huo umepata kuwadhuru watu wasio na hatia. Lakini nyuma ya kosa lake pana swali la haki: ni nani aliyempa mgeni ruhusa ya kugusa mwili wangu au shamba langu, nami naweza kumkatalia? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu asiyemwuliza mwenye kitanda amekwisha kuuvuka mpaka, hata kama dawa aliyoileta ni njema.