Tunduma: Lango la Vita vya Uhuru wa Zimbabwe

Mji wa Tunduma, uliomo katika Mkoa wa Songwe, ni zao la mpaka. Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, hawakuwauliza Wanyamwanga, ambao makao yao yalikatwa vipande viwili. Shabaha mojawapo ya mapatano yale ilikuwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo, ibaki mikononi mwa Waingereza. Waliouchora mstari ule hawakuwaza kwamba siku moja pangekuwa hapo lango la watu waendao kuuondoa ukoloni.

Vita vya uhuru wa Zimbabwe huhesabiwa kwa mapigano yake. Lakini yafaa vihesabiwe pia kwa njia zake, kwani askari asiye na njia hana vita. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. Zambia ilipojitawala Oktoba 1964, nchi huru zikawa zimeungana kutoka Bahari ya Hindi hadi ukingo wa mto Zambezi, na barabara kuu iliyoziunganisha ilipita Tunduma.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rodesia walijitangazia uhuru wao ili kuuzuia uhuru wa walio wengi. Aprili 1966, wapiganaji saba wa ZANU waliuawa karibu na Sinoia, mji uitwao leo Chinhoyi; siku ile imekuwa ikikumbukwa kama mwanzo wa vita. Agosti 1967, wapiganaji wa ZAPU pamoja na wenzao wa ANC ya Afrika Kusini, ambao kambi yao ilikuwa Kongwa, walivuka Zambezi na kupigana katika pori la Wankie. Mapigano hayo hayakuleta ushindi, bali yalithibitisha kwamba njia ipo.

Smith naye alitambua nguvu ya njia. Silaha yake kubwa juu ya Zambia ilikuwa reli ya kusini, iliyochukua shaba na kuleta mafuta. Mafuta yalipokatwa, malori yalianza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbovu ya vumbi na matope, hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilifika Ndola. Kisha, kwa msaada wa China, ilianza kujengwa mwaka 1970 reli ya kilomita 1,860, ipitayo Vwawa na Tunduma.

Hapo ndipo penye saa kubwa ya mambo haya. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapiganaji. Baada ya wiki chache tu alitaka kuufungua. Rais Kaunda akakataa. Mtu hakatai mlango kama hana mlango mwingine. Agosti mwaka ule ule reli ilivuka mpaka wa Tunduma, na mwaka 1976 ilikabidhiwa rasmi kwa serikali mbili.

Haifai, hata hivyo, kulitukuza lango hili kupita kiasi. Herbert Chitepo alipouawa Lusaka Machi 1975, na Msumbiji ilipojitawala Juni mwaka huo, uzito wa vita vya ZANU ulihamia mashariki. Aidha, reli na bandari zilielemewa na mizigo. Oktoba 1978 Zambia ililazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa kuwa mbolea ya wakulima ilikuwa haifiki. Mwaka mmoja baadaye askari wa Rodesia walilivunja daraja la reli katika mto Chambeshi. Adui havunji kisichomdhuru.

Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Bendera ilipandishwa mbali sana na Tunduma, na katika orodha ya mapigano jina la mji huu halimo. Lakini mstari uliochorwa ili kuwatenga watu ndio uliowapitisha. Na gharama ya kuuacha wazi ililipwa na wakulima na madereva wa nchi mbili maskini, ambao hawakupiga hata risasi moja.