Usingizi wa Pono: Nani Aliuona Mwamba wa Usiku Kwanza?

Ukiuliza simu yako nani alianzisha uzamiaji, jibu linakuja chap: Mfaransa, 1943, mtungi wa hewa mgongoni. Stori imeisha. Mimi nasema hiyo stori imeanzia katikati, na kipande kilichorukwa ni chetu sisi watu wa Pwani. Shahidi wangu ni samaki mmoja anaitwa pono. Wasee, twende polepole.

Kwanza tumpe Mfaransa haki yake. Mwaka wa 1943 Ufaransa ilikuwa imekaliwa na Wajerumani na petroli ilikuwa shida. Injinia Émile Gagnan, wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa na vali ya kusaidia magari yatembee kwa gesi. Ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, akaja na shida yake: anataka kupumua chini ya maji bila bomba la kumfunga kwa mashua. Wakaigeuza ile vali. Ukivuta pumzi inakupa hewa inayolingana na presha ya maji yaliyokuzunguka, ukiacha kuvuta inajifunga. Vifaa vya kupumulia majini vilikuwepo kabla yao, lakini hiki mtu wa kawaida angeweza kukibeba na kwenda popote. Baada ya vita kikauzwa dunia nzima.

Halafu ikaja sinema. Mwaka wa 1956 filamu ya Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, ilishinda Palme d'Or kule Cannes, na baadaye Oscar. Watu ambao hawajawahi kulowesha kidole baharini wakaona matumbawe kwa rangi. Sasa sikiza hii: ndani ya hiyo filamu, kuna mahali wanalipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki walioko. Cousteau baadaye akawa mtetezi mkubwa wa bahari, hilo hakuna anayebisha. Na mimi sitetei baruti hata kidogo. Lakini mvuvi wetu akishikwa na baruti anaitwa mjinga anayeharibu bahari. Aliyefanya mbele ya kamera alipewa zawadi. Historia huwa na upole kwa watu wengine.

Mwaka wa 1963 Cousteau huyo huyo alijenga nyumba chini ya maji pale Sha'ab Rumi, Bahari ya Shamu, upande wa Sudan. Watu wakaishi humo mwezi mzima, mita kama 10 chini. Yaani moja ya stori kubwa kabisa za uzamiaji ilifanyika kwenye mwamba wa Afrika, na shuleni sikuwahi kuisikia.

Lakini mambo mengi ya miaka hiyo ya mwanzo yalionekana mchana. Na mwamba una shifti mbili. Mchana unaona changu, tasi na vipepeo wa baharini wakizunguka, na matumbawe yenyewe yanaonekana kama mawe ya rangi. Jua likizama, wa mchana wanaingia mashimoni na wengine wanatoka: mikunga, kamba mawe, kaa. Na yale "mawe" yanafunguka. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni mtaa wa wanyama wadogo sana, na wengi wao usiku ndipo wananyoosha mikono kukamata chakula kinachoelea. Ukizamia mchana peke yake umeona nusu ya mji.

Sayansi ilichelewa kuliona hili vizuri. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba matumbawe kwa kawaida hulea watoto wao ndani ya mwili. Mwaka wa 1981, Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook wakazamia usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu, na wakakuta matumbawe ya aina nyingi yakitoa mayai na mbegu kwa pamoja, maji yamejaa vitone kama theluji inayopanda juu. Walipochapisha matokeo yao mwaka wa 1984, vitabu ilibidi viandikwe upya. Kitu kikubwa hivyo kilikuwa kikitokea kila mwaka, na kilikosa tu mtu wa kuwepo pale gizani na kuandika.

Sasa turudi kwa pono. Ni yule samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, anayetafuna mwamba, na mchanga mweupe unaoupiga picha ufuoni sehemu yake imepitia tumboni mwake. Usiku pono analala, na analala kweli. Baadhi ya aina zake hutoa ute mdomoni na kujifunika nao mwili mzima, kama mtu ndani ya mfuko. Mzamiaji anaweza kumkaribia na tochi hadi karibu amguse. Sayansi ilieleza huo mfuko wa ute kwenye miaka ya 1950. Karibu na mwaka wa 2010 watafiti wa Australia wakaonyesha kazi yake moja: unazuia vijidudu vinavyofyonza damu ya samaki usiku. Wao wenyewe wakaulinganisha na neti ya mbu.

Safi. Sasa niambie, kwa nini nyanya yangu, ambaye hajawahi kuvaa miwani ya kuogelea, akiniamsha asubuhi alikuwa akisema nimelala usingizi wa pono?

Huo msemo ni wa wazee wa wazee wetu. Unapatikana Pwani nzima, na mpaka watu wa bara wanautumia bila kujua pono ni samaki. Lakini hebu ufikirie kama ushahidi. Mchana pono ni mwoga, ukimsogelea anapotea. Usingizi wake huwezi kuujua kutoka ufuoni saa sita ya mchana. Lazima kuna watu walikuwa juu ya mwamba usiku, wakati wa bamvua maji yakitoka mbali, na mwenge wa makuti makavu mkononi, na baadaye karabai kwenye mtumbwi. Waliona, si mara moja, wakaona tena, wakakubaliana, wakakiweka kwenye lugha. Hayo ni matokeo ya utafiti, yamefungwa kwa maneno matatu.

Najua mtaniambia msemo si sayansi. Sawa. Msemo haukutuambia habari ya vijidudu na damu. Kwa hiyo ilihitajika maabara, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili sina vita na maabara. Ninachokataa ni kuhesabu kwamba kitu kimejulikana siku kilipoandikwa kwa Kiingereza.

Na tusijipake asali. Ujuzi huo huo ulikuwa wa kuua. Samaki aliyelala kama gogo, ukiwa na taa na mkuki, ni chakula cha bure. Na pono akiisha, kuna hasara. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe na mengi ya Pwani yetu yakafa. Mwamba uliokufa hufunikwa na mwani haraka, na pono ni mmoja wa wale wanaoukwangua ili matumbawe madogo yapate pa kushika. Belize walielewa, wakapiga marufuku kuvua pono mwaka wa 2009.

Huku kwetu, serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka wa 1968, kati ya za kwanza Afrika. Lakini mfano ninaoupenda ni Kuruwitu, Kilifi. Pale wavuvi wenyewe waliona samaki wanapungua, na mwaka wa 2005 wakafunga hekta kama 30 za bahari yao. Samaki wakarudi, na mwaka wa 2017 wakapata zawadi ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Nguvu yao ilitoka wapi? Kuna wazee waliokumbuka mwamba ulikuwaje zamani. Bila kumbukumbu, bahari tupu unaiona ya kawaida.

Hicho ndicho kinaniuma. Wazee wanaojua jina la kila samaki, mwezi gani anakuja na usiku analala wapi, wanaondoka mmoja mmoja, na wajukuu wao tunajua "samaki wa rangi". Mtungi wa kuzamia ni ghali, najua. Kumuuliza mzee ni bure. Simu unayo mkononi. Nenda kamrekodi, andika majina kama anavyoyatamka, na umuulize pono analala wapi.