Nyimbo za Gurumo na Bitchuka Zilizobaki Kwenye Kanda

Muhidin Gurumo, aliyefariki dunia Aprili 13, 2014, na Hassan Bitchuka ni watunzi na waimbaji waliovuma pamoja Juwata Jazz na baadaye Mlimani Park. Nyimbo zao nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (sasa TBC) na kurushwa hewani bila kutolewa kwenye santuri. Msikilizaji wa Mirongo, jijini Mwanza, alizijua kwa redio tu. Kanda za sumaku huchakaa, hivyo kuzinakili kidijitali ni jambo la haraka. Hata hivyo, kunakili hakuhamishi umiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo ukiwa wa watunzi wawili, miaka hiyo huhesabiwa tangu afariki wa mwisho.