Mkono wa Mtumikaji: Je, Bwana Asiyekosa Ana Deni?

Kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi mbele ya padri wa misioni na mbele ya mkatekista, hasa katika inchi yetu ya mashimo ya shaba. Mtu amekwenda kazini asubuhi akiwa mzima, jioni amerudishwa bila vidole. Mashini ilikuwa nzuri, kapita hakulewa, bwana wa kazi hakuvunja sheria yoyote. Mtumikaji mwenyewe pia hakukosa. Sasa anatuuliza: je, bwana ana deni kwangu, ao nipokee tu sadaka na kunyamaza?

Sisi tuliosoma teolojia morali twajua jibu la vitabu vyetu vya zamani. Katika fungu la kurudisha mali vinafundisha kwamba mwenye kuleta hasara anapashwa kuilipa kama tendo lake lilikuwa kinyume cha haki, kama kweli hasara ilitoka katika tendo lile, na kama alikuwa na kosa mbele ya Mungu. Pasipo kosa, hakuna deni. Ni fundisho sahihi kwa mtu aliyechoma shamba la jirani. Lakini likitumiwa bila kufikiri mlangoni mwa kiwanda, linamfukuza kilema mikono mitupu, tena kwa jina la haki. Kwa hiyo tumeona vema kueleza ginsi watu walivyoliacha polepole ulizo la "nani amekosa?" na kushika ulizo lingine.

Tuguse kwanza Biblia, kwa upesi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka mtu aliyempiga mwenzake amlipe siku alizolala bila kazi, na kumtunza hata apone. Hapo tunaona tayari mambo mawili ya sheria za leo, mshahara uliopotea na garama ya dawa. Na mistari ya 33 na 34 ni ya ajabu kwetu watu wa mashimo: mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, mnyama wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Kweli, habari ni ya ng'ombe na punda, na kuacha shimo wazi ni uzembe. Hatutaki kuvuta Maandiko kwa nguvu. Lakini tuangalie mlipaji anatajwa kwa jina gani: mwenye shimo.

Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804, katika kifungu cha 1382, ilisema kwamba mtu ambaye kwa kosa lake ameletea mwenzake hasara, anapashwa kuilipa. Wabelgiji waliishika sheria ile, na kwa amri ya 30 Julai 1888 neno hilohilo liliingia Kongo, katika kifungu cha 258 cha sheria yetu ya mapatano. Kifungu hicho kizuri kilikuwa na mwiba kwa mtumikaji: ni yeye aliyetakiwa kuhakikisha kosa la bwana. Kwa mashahidi gani? Wenzake walioona ajali wanakula mshahara wa bwana yuleyule, na wanaogopa. Mwanasheria anataka feza. Na siku zile zote watoto wanangojea chakula.

Inchi ya kwanza kuvunja mwiba ule kwa sheria ya watumikaji wote wa viwanda ilikuwa Ujerumani. Mwaka 1871 ilikuwa imejaribu sheria moja, lakini katika mashimo na viwanda mtumikaji aliendelea kutakiwa kuonyesha kosa la msimamizi. Wakati huo sauti ya Wakatoliki ilikwisha kusikika. Wilhelm Emmanuel von Ketteler, Askofu wa Mainz, aliandika mwaka 1864 kitabu juu ya shida ya watumikaji na Ukristu, na mwaka 1869 alihubiri mbele ya maelfu ya watumikaji, akikubali kwamba madai yao mengi yalikuwa ya haki. Alikufa mwaka 1877. Aliyeleta sheria hakuwa rafiki wa Eklezia hata kidogo: ni Bismarck, yeye aliyewafunga mapadri na maaskofu. Bismarck hakuongozwa na Injili. Alitaka kuwatoa watumikaji mikononi mwa Wasosialisti. Wabunge Wakatoliki wa chama cha Zentrum hawakutaka feza ya serikali iingie katika malipo yale, maana waliogopa watumikaji wote watakuwa watu wa serikali. Mwishoni, sheria ya 6 Julai 1884 ilitoka bila feza hiyo: mabwana wenyewe walitakiwa kuungana, kufuatana na kazi zao, na kulipa wao peke yao.

Mambo yaliyoandikwa humo ni haya. Majuma 13 ya kwanza mgonjwa alitunzwa na sanduku la wagonjwa, lililowekwa mwaka 1883. Kisha muungano wa mabwana ulimpokea. Asiyeweza tena kufanya kazi yoyote alipewa sehemu mbili juu ya tatu za mshahara wake. Akifa, mjane alipata asilimia 20 ya mshahara, na watoto pia walikuwa na sehemu yao. Na kosa je? Halikuulizwa tena, isipokuwa mtu alijiumiza kwa kusudi. Waliuliza tu: je, ajali imetokea katika kazi?

Nasi tuseme ukweli bila haya: barua ya Baba Mtakatifu Leo XIII, Rerum novarum, ilikuja mwaka 1891, miaka 7 nyuma ya sheria hiyo. Juu ya ajali inasema machache tu: inataka vyama vya watumikaji viwe na akiba ya kuwasaidia wanachama wakipata ajali, ugonjwa, uzee ao shida. Neno kubwa la barua ile liko mahali pengine, katika kukataa kwamba kazi ya mtu ni kitu cha kununuliwa kama mfuko wa chumvi.

Ufaransa tunaona jambo lilelile katika mkono wa mtu mmoja. Cames alikuwa mtumikaji katika kiwanda cha silaha cha serikali, mjini Tarbes. Tarehe 8 Julai 1892 nyundo kubwa ya mvuke ilipiga chuma, kipande kikaruka na kumwumiza mkono wa kushoto. Mkono ukanyauka, hakuweza tena kufanya kazi. Waziri wa vita alimpa franka 2.000, mara moja, basi. Cames akapeleka neno mbele ya Baraza la Serikali. Kosa la serikali halikuonekana, na kosa la Cames pia halikuonekana. Kufuatana na desturi ya zamani, mambo yangekwisha hapo. Lakini tarehe 21 Juni 1895 waamuzi walikata kwamba serikali imlipe franka 600 kila mwaka, maisha yake yote, kwa sababu hatari ile ilikuwa hatari ya kazi yenyewe. Mwaka uliofuata waamuzi wa mahakama kubwa ya Ufaransa walimhukumu mwenye mashua iliyopasuka na kumwua fundi wake, hata kama ubovu ulitoka kwa watengenezaji. Sheria ya wote ikatoka 9 Aprili 1898.

Ubelgiji, maasi ya watumikaji wa mwaka 1886 yaliwaamsha wengi. Kati yao alikuwako padri Antoine Pottier, mwalimu wa teolojia morali katika seminari kubwa ya Liège. Tunamtaja kwa furaha, maana alikuwa mtu wa nyumba kama zetu, na Wakatoliki matajiri walimpinga vikali. Sheria ya Ubelgiji ilipigwa mhuri 24 Desemba 1903. Mtumikaji hakudaiwa tena kuonyesha kosa. Lakini alipewa nusu tu ya mshahara wake, na hakuweza tena kumshitaki bwana, isipokuwa bwana alimwumiza kwa kusudi. Wako waliosema mtumikaji aliibiwa nusu ya haki yake. Sisi twaona kwamba nusu inayokuja hakika, pasipo mwanasheria, ilifaa kuliko haki yote ambayo mjane hakuweza kuifikia. Hata hivi, nusu ni nusu, na aliyekosa mkono hali nusu ya chakula.

Na Kongo? Mbelgiji alipata sheria yake mwaka 1903. Mtumikaji mweusi, aliyechimba shaba iliyopelekwa Ubelgiji, alipewa sheria yake ya ajali na magonjwa ya kazi kwa amri ya 1 Agosti 1949. Ni miaka 46. Wazungu waliofanya kazi hapa walikuwa na sheria mbalimbali na yake. Na kwa kuwa malipo ni sehemu ya mshahara, mshahara mdogo ulizaa malipo madogo.

Kisha uhuru, amri ya 29 Juni 1961 iliweka INSS, na sheria mpya ya mwaka 2016 imeigeuza kuwa CNSS. Katika tawi la hatari za kazi, mchango unatolewa na bwana wa kazi peke yake. Mtumikaji hakatwi kitu. Ni ile fikira ya 1884: mwenye kupata faida ya kazi achukue pia hatari yake. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem exercens ya mwaka 1981, ameiita haki ya mtumikaji, si wema wa bwana.

Lakini sheria inaweza kuzikwa na feza yake yenyewe. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 ziligeuzwa kuwa franka 1. Wasomaji wapige hesabu wenyewe, waone nini ingebaki kwa kilema aliyepimiwa malipo yake katika zaire za kwanza.

Hata hivi, yule alikuwa na jina katika kitabu. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mkono waliojiingiza shimoni kutafuta madini, na zaidi ya 40 wakafa. Hawakuwa na bwana wa kazi aliyeandikwa mahali popote. Waliuza mawe kwa mnunuzi, mnunuzi aliuza kwa mwingine, na kila mmoja aweza kusema kwamba hakumwajiri mtu.

Kwa hiyo padri ao mkatekista anayeitwa nyumbani kwa mtu aliyeumia, kabla ya kutafuta msaada wa Karitasi, aulize kwanza: marehemu ao mgonjwa alitumika kwa nani? Kuna mkataba, ao karatasi ya mshahara? Je, bwana amepeleka habari ya ajali CNSS? Ndoa iliandikwa serikalini, na watoto pia? Mjane ataombwa karatasi hizo zote, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.